Mkeka wa Darasa la Tano

Nilipofika shuleni moto ulikuwa haujawashwa, ila mafuta ya taa yalikuwa yameshamwagwa. Nilisikia harufu yake kabla sijaliona rundo lenyewe.

Lilikuwa nyuma ya stoo ya zamani, karibu na vyoo vya wavulana. Fundi Stefano, aliyepewa kazi ya kuibomoa stoo ili pajengwe darasa, alikuwa ameshika kiberiti mkono mmoja na simu mkono mwingine, anacheka na mtu. Nilisimama mbali kidogo nikasubiri amalize.

"Wewe dada, unatafuta choo?"

"Hapana. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sogea, nawasha."

"Usiwashe."

Alinigeukia. "Nini?"

"Kuna mkeka wa mama humo."

"Mkeka wa mama yako umefuata nini huku? Alikuwa analala shule?" Vijana wake wawili waliokuwa juu ya bati wakacheka.

Niliangalia chini. Kama si siku ile ningeondoka. Lakini ilikuwa Alhamisi, na mama alikuwa amepewa mpaka Ijumaa.

Mama yangu anaitwa Conceicao Americo. Amezaliwa kijijini kwetu, huku karibu na mto Ruvuma, mpakani. Babu na bibi walivuka kutoka ng'ambo ya mto wakati wa vita ya Mreno, wakapewa pa kulima, wakapanda mikorosho, wakazikwa hapa hapa. Mama hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Zamani hakuna aliyekiuliza. Siku hizi kila kitu ni namba ya kitambulisho: laini ya simu, dawa ya mikorosho, hata kuandikishwa kuuza korosho zako mwenyewe. Alipokwenda kuomba namba hiyo, jina lake la Kireno likawashtua maofisa. Mara ya kwanza akaambiwa alete mashahidi. Akapeleka watatu. Mara ya pili akaambiwa mashahidi hawatoshi, alete kitu cha zamani chenye jina na mwaka, kitu cha shule kwa mfano, kwa sababu alisema alisoma hapa. Akapewa wiki mbili. Baada ya hapo jalada lake litafungwa, na suala lake litapelekwa kwa wanaoshughulika na wageni.

Wiki moja na siku nne tulizimaliza kwenye kanisa ambalo halina daftari, na kwenye zahanati iliyojengwa mama akiwa mtu mzima. Jumatano nilimwendea mwalimu mkuu, Mwalimu Elizabeti. Alinionyesha kabati.

"Madaftari ya themanini na tisa mpaka tisini na tatu yameliwa na mchwa, mwanangu. Tazama, yamebaki majalada na vumbi." Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Mama yako alisoma enzi za Mwalimu Hashimu? Yule alikuwa hatupi kitu. Kazi za mikono za watoto zote ziko stoo, na kila moja ina kibandiko. Ila wahi. Mafundi wanaanza kesho."

Ndiyo maana niliwahi, na ndiyo maana sikuondoka.

"Kaka," nikamwambia Stefano, "nipe muda nitafute. Ukishaunguza, mama yangu hana kingine."

Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu. Alitia kiberiti mfukoni. "Nakunywa chai. Chai ikiisha, nawasha."

Nilipiga magoti. Juu juu kulikuwa na vitu vya udongo: redio yenye antena ya bua, pasi ya mkaa, ng'ombe asiye na kichwa, simu ya kuzungusha ambayo namba zake ziliishia saba kwa sababu nafasi ilikwisha. Chini yake miiko, pawa za vifuu, kamba, mifagio, magari ya mabua yaliyovunjika nilipoyagusa. Kulikuwa na picha za mkaa zilizopakwa kijani cha majani. Mtoto mmoja alichora bandari ya Mtwara akaiweka meli kubwa kuliko bandari yote, na watu wakipanda kwa ngazi ya mkorosho. Mwingine alichonga kinyago kidogo cha ngoma, na kibandiko chake kilisema kwa wino mwekundu: HIKI SI CHA SHULE. RUDISHA KWA BABU YAKO.

Mikeka ilikuwa chini kabisa. Ilikuwa midogo, urefu wa rula mbili, ipatayo arobaini, imefungwa kwa kamba. Mafuta yalikuwa yameanza kuifikia.

Kusoma kwangu ni kwa pole pole, niliacha shule nikiwa la tano. Nilikuwa natafuta herufi C kubwa, kama kwenye fomu ya mama ya kuombea namba. Nilipitia mkeka mmoja baada ya mwingine. Asha. Hawa. Saida. Hawa mwingine. Nikafika wa mwisho. Hakukuwa na C.

"Chai inaisha, dada!" Stefano aliita kutoka kivulini.

Nilianza upya. Vidole vilikuwa vinateleza kwa mafuta. Kulikuwa na kibandiko kimoja nilichokiruka mara ya kwanza, KONSESA AMELIKO, nikifikiri ni mtu nisiyemjua. Sasa nikakisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na nikamsikia bibi. Bibi alimwita mama hivyo hivyo, Konsesa. Na babu, R ilikuwa haitoki kinywani mwake mpaka anakufa. Alikuwa anasema Luvuma, anasema ledio, na akiulizwa jina anajibu Ameliko.

KONSESA AMELIKO. DRS. LA V. 1991. ALAMA 38/50.

Nilikuwa bado nimepiga magoti Stefano alipokuja anatafuna chapati. "Umeupata?" Nikamwonyesha. Aliutazama, akaupindua. "Thelathini na nane! Mimi sikuwahi kupita ishirini." Kisha akawasha kiberiti, na mimi nikakimbia.

Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Niliuweka mkeka mapajani pake, nikakaa kumtazama usoni, nikingoja afurahi.

Alikipapasa kibandiko. Aliupindua mkeka, akaunusa, akakunja uso kwa mafuta ya taa. Halafu akaurudisha kwangu.

"Si wangu."

"Mama, jina hili hapa."

"Jina ni langu. Mkeka alisuka rafiki yangu Tatu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mimi kusuka sikuweza, Celia. Mwalimu Hashimu alitaka kila msichana wa la tano alete mkeka, na asiye na mkeka alikuwa halali ya fimbo. Tatu alikuwa anasuka kama mashine. Tulikubaliana. Nikamchotea maji wiki mbili, kwenda na kurudi, yeye akasuka wake na wangu. Wangu akaukosea kosea makusudi ili Mwalimu asishtuke."

Tatu nilimjua kwa jina tu. Aliolewa Nanyamba kabla sijazaliwa. Mama alionana naye mwaka juzi msibani, wakapeana namba, basi.

"Hakuna atakayejua," nikasema.

"Nitaulizwa."

"Ukiulizwa sema ulisuka. Jina ni lako, darasa lako, mwaka wako. Uongo uko wapi?"

"Uko hapo hapo kwenye kusema nilisuka."

Nilipandisha sauti, kitu ambacho sifanyi kwa mama. "Kwa hiyo useme hukusuka, wafunge jalada? Halafu?"

Aliweka kisu chini. "Halafu watanirudisha wapi?" akasema. "Ng'ambo kule hata njia ya kisimani siijui."

Hakusema tena kwamba mkeka si wake. Nilihesabu miyaa, yale majani yanayosukwa pamoja kuwa ukili mmoja, ni saba. Nikamwambia aikariri. Asubuhi tukienda Mtwara, kila gari liliposimama nilimfinya. Mingapi? Saba. Rangi nyekundu mlipata wapi? Dukani, ya paketi, tukachemsha kwenye kopo. Mshono? Sindano kubwa ya mikeka, uzi wa mwaa. Alijibu vizuri. Mikono yake ilikuwa imeukumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mayai.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke, Bi Saida, wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa mkali. Nilitamani angekuwa mkali, ningejua pa kuogopea.

"Karibu, mama. Leo umekuja na binti badala ya mashahidi." Akanigeukia. "Wale wa mwezi uliopita watu watatu, sentensi moja. Hata pa kupumua walipumua pamoja."

Mama akatoa mkeka. Bi Saida alivaa miwani, akasoma kibandiko. Dirisha lilikuwa wazi, malori yanapita kwenda bandarini, na kila lilipopita glasi ya maji mezani ilitetemeka.

"Konsesa Ameliko. Hapa kwenye fomu ni Conceicao Americo."

"Mwalimu alisema jina hilo ni refu kama treni," mama akajibu. "Akanikatia."

"Na Ameliko?"

"Baba alipoulizwa alisema hivyo."

Bi Saida alitabasamu kidogo. "Hilo sina neno. Kabati hili limejaa akina Losa na Malia na Lamadhani." Akaushika ukili kwa vidole viwili. "Ulisuka mwenyewe?"



"Ndiyo," mama akasema.

"Miyaa mingapi?"

"Saba."

"Mmm. Mimi ni mtoto wa Mikindani, mama. Bibi yangu alitusomesha kwa mikeka." Alifungua droo, akatoa gazeti la zamani na mkasi, akakata vipande virefu vyembamba, saba, akavipanga mbele ya mama mmoja baada ya mwingine. "Nionyeshe unavyoanza. Kuanza tu. Mikono haisahau."

Mama alivitazama vile vipande. Alichukua viwili, akavikunja, akapitisha kimoja juu ya kingine. Kikateleza. Akaanza tena. Cha tatu hakujua pa kukiweka, akakishika hewani. Sikuweza kutazama mikono yake, nikatazama miguu, nayo ilikuwa imebanana chini ya kiti kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Bi Saida alisubiri. Lori likapita. Mama akaviweka vipande mezani.

"Sikusuka mimi."

"Umesema ulisuka."

"Nimesema uongo."

Bi Saida alivua miwani. Kalamu aliilaza juu ya jalada, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Mama, ninyi watu mnanitia katika wakati mgumu. Kwanza mashahidi wa kukaririshwa. Leo mkeka wa mtu mwingine. Nikiandika hivi unajua inasomekaje huko juu?"

"Jina ni langu."

"Jina naweza kubandika hata mimi. Aliyesuka ni nani?"

Mama alieleza. Tatu, maji, wiki mbili, makosa ya makusudi. Alieleza kwa haraka, Kiswahili chake kikavunjika vunjika, Kimakonde kikaingia katikati. Nilijua inavyosikika: kama mtu anayetunga palepale.

"Huyo Tatu yuko hai?"

"Yuko Nanyamba."

"Namba yake unayo?"

Mama akatoa simu. Bi Saida alinakili namba, akapiga kwa simu ya ofisini, akabonyeza kitufe cha kusikika na wote. Akainua kidole. "Hakuna atakayesema kitu. Naongea mimi. Nikisikia mtu anakohoa, nimefunga."

Simu iliita mara nyingi. Ikapokelewa katikati ya ngurumo ya mashine ya kusaga.

"Halo! Nani?"

"Naitwa Saida, napiga kutoka ofisini Mtwara. Naongea na Bi Tatu?"

"Ofisi gani? Nimeshinda nini safari hii? Juzi mmeniambia gari, leo trekta? Matapeli wakubwa! Nendeni mkalime!"

Ikakatika. Bi Saida alipiga tena. Ikakatwa kabla haijaita sawasawa. Akapiga mara ya tatu, ikaita mpaka ikachoka. Alirudisha mkono wa simu mahali pake na kulivuta jalada. Niliona mkono wake ukienda kwenye kalamu.

"Naomba nijaribu mimi," nikasema.

Wote wawili walinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Bi Saida kuisikia sauti yangu.

"Jina la mama yako usilitaje. Wala lako. Ukitaja, tumemaliza."

Bi Saida alipiga tena, akanipa simu. Iliita mara mbili. Ikapokelewa.

"Mnanitakia nini nyie watu?"

"Shikamoo mama." Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. "Naomba usikate. Siombi hela. Sina zawadi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana. Nina mkeka mbele yangu. Mdogo, wa shule. Wa mwaka tisini na moja, darasa la tano. Ulikuwa stoo kwa Mwalimu Hashimu."

Mashine ya kusaga ikasikika kwa mbali, kama aliyeishika simu ameondoka pale.

"Kwa Hashimu?" akasema. "Si alishakufa yule?"

Bi Saida alinyoosha mkono, nikampa simu. "Alishakufa, mama. Sisi tunauliza jambo dogo. Inasemekana mwaka ule kuna mwanafunzi alisukiwa mkeka na mwenzake. Wewe ulikuwa darasa hilo. Unamjua?"

Mama alikuwa amefumba macho.

"Nani kawaambia?"

"Tunauliza tu."

"Sijui mnauliza nini. Hakuna aliyesukiwa. Kama mnamtafuta Konsesa, mnamwonea! Tangu zamani mnamwonea!" Sauti ilipanda mpaka spika ikakoroma. "Konsesa Ameliko alisuka mkeka wake mwenyewe, andika hivyo. Tulikaa dawati moja, mimi na yeye na marehemu Hawa, upande wa dirishani. Nilimwona kwa macho yangu haya. Alisuka mpaka vidole vikatoka damu. Niko tayari kuapa popote, kwa chochote!"

Nilimtazama mama. Machozi yalikuwa yanamshuka, mdomo ameuziba kwa kanga. Nilifikiri ndiyo basi. Tatu amekuja kumtetea, na amemfanya mama kuwa mwongo mara mbili. Lakini Bi Saida alikuwa ameketi wima: jina la Konsesa hakuna aliyekuwa amelitaja. Alisogeza mdomo karibu na simu.

"Alisuka mwenyewe, sawa. Na maji je?"

"Maji gani?"

"Maji aliyokuchotea. Wiki mbili."



"Wiki tatu," Tatu akasema.

Bi Saida alimtazama mama, na Tatu akaendelea.

"Nani kakwambia mbili? Ni tatu! Tena ya tatu alikuwa ananiletea nusu ndoo, nyingine anamwaga njiani akicheza."

"Muongo!" Mama alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Muongo mkubwa! Nilijaza mpaka juu! Ndoo yako ndiyo ilikuwa inavuja!"

Nilimshika mkono, lakini alikuwa ameshasema. Nilimtazama Bi Saida nikingoja afunge jalada kama alivyoahidi.

"Konsesa?" simu ikasema. "Konsesa, uko hapo? Uko na hao watu?"

Bi Saida hakuikata. "Mama, inua kiti ukae," akamwambia mama. Halafu kwenye simu: "Bi Tatu, Jumatatu uje hapa ofisini na kitambulisho chako, na kama una kitu chochote cha shule uje nacho. Uandike uliyosema."

"Nikamatwe kwa mkeka? Baada ya miaka thelathini na zaidi?"

"Hakamatwi mtu. Dawati, dirisha, Hawa, maji. Uandike yote kwa maneno yako. Ya vidole kutoka damu uyaache."

"Na ya ndoo?"

"Ndoo mtabishana wenyewe. Jumatatu, saa tatu."

"Konsesa," Tatu akasema, sauti sasa imeshuka, "nimekuharibia?"

Mama aliniashiria mimi nijibu.

"Bado hatujui, mama," nikasema.

"Nawe ni nani?"

Nilimtazama Bi Saida. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi Celia. Mwanawe."

"Mwambie mama yako ile ndoo haikuwa inavuja."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja, akaanza kumjibu kwa Kimakonde, na Tatu akamjibu huko huko, wote wawili kwa wakati mmoja. Bi Saida alivikusanya vile vipande saba vya gazeti akavitupa kwenye pipa. Aliuweka mkeka ndani ya jalada, ukabaki umetokeza pembeni kwa sababu haukuenea.

"Sijasema imekwisha," aliniambia mimi, kwa kuwa mama hakuwa anasikia. "Jumatatu nimwone huyo mwenzake kwa macho. Ila muda naongeza, hilo naandika leo."

Akachukua kalamu. Kutoka nilipokaa sikuweza kuyasoma aliyokuwa anaandika. Niliona tu kwamba alimaliza mstari wa kwanza, akaingia wa pili, na kalamu haikusimama.